Mkanda wa Fundi Baiskeli

"Usije tena," mchumba wangu aliniambia kupitia wavu wa gerezani. "Tafuta mtu uolewe."

"Nijibu kwanza. Yule mama alikuchaguaje?"

Akacheka kichovu, akasema mimi hata kaburini nitauliza maswali. Kweli, udaku nimezaliwa nao, na kazi ya ususi imeuongeza. Ila fundi baiskeli wangu nilimjua. Siku mama mwenye duka la dawa alipoporwa, tulikuwa kwangu tunapaka ukuta rangi. Nikalisema hilo mahakamani, hakimu akajibu kwamba mchumba hakosi kumtetea mchumba. Wakamfunga kwa sababu yule mama alimnyooshea kidole pale polisi walipompanga mstari mmoja na wanaume wengine.

"Wenzangu wa mstarini waliokotwa barabarani," alisema. "Mimi nilitolewa mahabusu, nimeshika suruali isinidondoke."

"Mkanda je?"

"Si wanakuvua ukiingia? Usije ukajinyonga."

Sikujua hilo. Nilitoka pale mbio mpaka duka la dawa, duka ambalo nilikuwa nalikwepa kwa chuki. Kuuliza si ujinga, nikajiambia, nikamwomba yule mama anieleze tu alichokiona siku ile.

Akaacha kupanga chupa.

"Siku ya kuporwa niliona kisu, mwanangu, uso sikuushika vizuri. Kituoni wakaniambia mwizi yumo humo. Nikatazama, wote wamesimama sawa, mmoja kashika suruali. Nikajua ndiye huyo, katoka ndani."

"Na uso wake?"

"Uso niliuzoea baadaye, mahakamani."

"Mama, alishika suruali kwa sababu polisi walimvua mkanda. Wenzake walikuwa na yao."

Akajikalisha kwenye stuli. Alinieleza kwamba muda wote huo alilala usingizi mzuri, akijua katenda haki. Kisha akaanza kuhofia wateja watamsemaje na polisi watamfanya nini. Nilitamani kumpigia magoti, na nilitamani kumpiga. Nikamwachia namba ya wakili wetu wa rufaa, nikaondoka.

Siku zikapita kimya. Nilimsuka mteja nywele upande mmoja nikasahau wa pili. Halafu simu ikalia, ujumbe umeingia:

"Binti, nipo kwa wakili. Nimesema yote, na mbele ya majaji nitarudia. Nisamehe."

Akarudia kweli. Majaji walisema mtu aliyepangwa vile alikuwa keshaonyeshwa kabla ya kuchaguliwa, wakafuta kifungo.

Nilimngoja mchumba wangu nje ya geti la gereza. Akatoka na nguo alizokamatwa nazo, kakonda, mkono mmoja umeshika suruali. Mkanda wake, eti, ulipotelea kituoni.

"Bado unanitaka?" aliuliza, macho chini. "Watasema umeolewa na mfungwa."

"Waseme, midomo ni yao. Nyanyua mikono."

Nilitoa kwenye mkoba mkanda mpya, nikauzungusha kiunoni kwake, nikaukaza hadi tundu la mwisho. Alibaki kashika suruali ileile kwa mazoea, machozi yanamtoka. Na mimi nililia, nisiwadanganye.

"Nina swali," nikamwambia.

"Najua unalo."

"Ndoa lini?"

Akaiachia suruali. Haikudondoka. Akanishika mikono yote miwili.

"Hata kesho," alisema.