Jino la Mjukuu Wangu Linacheza

Nilikuwa kwenye banda la moshi, natundika samaki. Mara binti yangu Marlena akapiga yowe. Nikatupa kisu, nikakimbilia ndani.

"Mama, ameniuma tena! Tazama, damu!"

Mtoto alikuwa na siku mbili tu. Alizaliwa nyumbani, maana ukungu uliizuia ndege ndogo kumpeleka Marlena hospitali ya mjini. Na alizaliwa na meno mawili, chini, mbele. Moja imara. La pili linacheza.

Kwetu meno ya kuzaliwa si ajabu. Hata mimi nilizaliwa nayo. Lakini haya yalinitoa machozi. Kaka yangu Matvei, aliyezama baharini mwaka juzi, alizaliwa na meno mawili pale pale.

"Huyu ni Matvei, karudi," nikasema. "Atapewa jina lake. Meno haya ndiyo alama yake, mtu asiyaguse!"

"Mama, alama yenyewe inamuumiza mke wangu," akasema mkwe wangu Harlan. Mkononi ana uzi wa kushonea nyavu. "Hili linalocheza nalifunga, navuta mara moja, basi."

"Thubutu! Samaki wanakushinda kuvuta, utaweza meno?"

Tukabishana wee. Marlena akalia. Mtoto naye akakataa ziwa, asubuhi hadi mchana. Midomo ikamkauka. Hapo ubishi ukaniisha, hofu ikaniingia. Harlan akaenda mbio kumwita Selina, mhudumu wa meno wa kijiji chetu.

Selina akanawa mikono, akavaa glavu, akagusa meno taratibu. Akainua ulimi wa mtoto. Chini yake palikuwa na kidonda.

"Meno yanamkwaruza ulimi. Ndiyo maana hanyonyi. Amechomwa sindano ya vitamini K?"

"Ya nini hiyo?" nikauliza.

"Bibi, damu ya mtoto mchanga haigandi upesi. Sindano hiyo huisaidia. Mngeling'oa jino leo, huenda damu isingekoma."

Harlan akauficha uzi mfukoni, akaketi. Nikamkata jicho. Selina akaniona.

"Usimlaumu, bibi. Kuliacha nako ni hatari. Linacheza mno. Likichomoka akiwa ananyonya, linaweza kuingia njia ya hewa, likamkaba."

"Lakini ni alama ya Matvei!"

"Matvei karudi, sawa. Unataka kumpoteza mara ya pili?"

Maneno yale yalinichoma. "Ling'olewe," nikasema.

"Basi yang'olewe yote," akasema Marlena.

"La, dada. Hili imara ni jino lake la utotoni. Likitoka, pengo litakaa miaka. Daktari wa meno atalipiga picha, kisha atalilainisha makali. Kwa sasa kamua maziwa, umnyweshe kidogo kidogo kwa kikombe. Usimwache na njaa."

Mtoto akachomwa sindano kliniki alasiri ile ile. Kesho yake ukungu ukaondoka, tukapanda ndege. Mjini daktari akaling'oa lile linalocheza, akaweka kipande cha shashi kwenye pengo. Nilikitazama kile kipande bila kupepesa. Kikapata wekundu kidogo. Basi, damu ikakoma.

Wiki moja baadaye kidonda cha ulimi kilikuwa kimepona. Marlena hakupiga yowe tena. Harlan nilimwomba radhi, naye akaniomba. Siku hizi, mwanamke wa kijiji akijifungua, mimi ndiye wa kwanza kuuliza: "Mtoto kachomwa sindano?"

Vuli ikaja, tukafanya karamu ya kumkumbuka Matvei. Mbele ya wageni wote mtoto akapewa jina. Kikongwe mmoja akanisogelea, kakunja uso.

"Nimesikia umeruhusu alama ing'olewe."

"Moja imo mdomoni," nikamjibu. "Nyingine imo kwenye kopo, kabatini. Matvei mwenyewe yule pale, ananyonya."