Simu ya Geti na Jicho la Aloyo

Mke wangu amepoteza nafasi ya kupasuliwa jicho. Barua iliyompa nafasi hiyo ilifutwa kwenye simu ambayo tunaishika watu wawili tu.

Mmoja ni mimi.

Mwingine ni Cleopas, mtu niliyekula naye sahani moja miaka kumi na mmoja.

Sasa nisikilizeni, halafu mtahukumu wenyewe.

Naitwa Obwona. Nina miaka arobaini na tisa, na shule niliacha darasa la tano. Ni askari wa geti kwenye jumba la maofisi hapa Kabalagala. Mimi mchana, Cleopas usiku. Kampuni imetupa simu moja. Anayemaliza zamu anamkabidhi mwenzake simu, tochi, funguo na daftari.

Jicho la kushoto la Aloyo lilikufa zamani. Mwaka huu la kulia nalo likaanza kufifia. Tukasikia madaktari wageni wanakuja kwa wiki moja, wanapasua bure. Tukaenda kuandikisha jina.

Nesi akauliza, "Imeili yako, mzee?"

"Sina. Nina namba ya simu."

"Hawa madaktari wako nje ya nchi. Barua wanatuma kwa imeili tu. Wakituma, unajibu ndani ya siku tano. Usipojibu, anaitwa anayefuata."

Nikarudi getini nikamwambia Cleopas. Yeye ni Mkenya wa Busia, kasoma kidogo kunizidi. Mama yake, Mama Akoth, anaishi naye hapa mjini na macho yake ni yale yale. Kesho yake Cleopas naye akamwandikisha mama yake.

Kisha akanifungulia imeili kwenye simu ya geti. Akawa ananifundisha nusu saa kila jioni, kabla sijaondoka.

"Mzee, gusa polepole. Hili si geti la chuma."

"Nimegusa, haisikii."

"Umegusa tangazo. Sasa wanataka kukuuzia viatu vya kike."

"Na neno la siri?"

"Liwe lako peke yako. Hata mimi usiniambie."

"Nitalisahau. Liandike nyuma ya daftari."

Akaliandika kwa mkono wake. Hilo mlikumbuke, maana ndilo lililomponza.

Siku zikapita. Kila siku nafungua imeili, nakuta matangazo tu. Mikopo, viatu, bahati nasibu...

Siku ya kumi na mbili, Jumatatu, nikaomba ruhusa, nikampeleka Aloyo hospitalini kuuliza.

"Barua ilitumwa tarehe tatu, baba. Hukujibu."

"Sikuona barua."

"Iliingia. Nafasi amepewa anayefuata."

Aloyo alikuwa ameshika mkono wa shati langu. Akaniuliza, "Wanasema ni lini?"

Nikamshika mkono, nikamwongoza mpaka nje.

Jioni ile Cleopas akaja kwenye zamu anacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana.

"Mzee, wamemwita mama! Jumatano asubuhi."



"Anachukua nafasi ya nani?"

"Nitajuaje? Barua imeingia kwenye imeili yangu leo, nimeshajibu."

Nikafungua daftari nyuma. Neno la siri lile pale, kwa mwandiko wake.

"Cleopas, nani mwingine analijua hili?"

"Mimi na wewe."

"Basi."

"Basi nini, mzee?"

Nikampigia afande Otema, msimamizi wetu. Akaja na pikipiki. Akaichukua simu, akaniambia nifungue imeili. Nikaifungua mbele yake. Mlikuwa na matangazo ya siku hiyo tu, barua haimo.

"Mimi imeili yake sijaigusa tangu nimalize kumfundisha," Cleopas akasema.

"Kwa hiyo barua ina miguu?" nikamuuliza.

Otema hakutaka maneno mengi. "Vua yunifomu. Mengine utayasema polisi."

Kwenye kaunta ya polisi Cleopas alinigeukia. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

"Mzee, nakuomba. Nifunge Alhamisi. Jumatano niache nimpeleke mama, hana mtu mwingine. Hata mlango wa nyumba hauoni."

Wasomaji, nilikuwa na uwezo wa kusema ndiyo. Polisi yule alikuwa ananitazama, anangoja neno langu.

Nikasema, "Mke wangu nani alimngoja?"

Wakamfungia.

Polisi akaniambia, "Sasa wewe tuletee ushahidi. Karatasi inayoonyesha barua ilikuwepo na ikafutwa."

Jumanne nililinda zamu mbili peke yangu. Jumatano mchana nikaenda Wandegeya, kwenye duka la kuchapisha karatasi la dada mmoja anaitwa Dolphine.

"Unatafuta nini, mzee?"

"Barua iliyofutwa na mwizi."

Akanisaidia kuingia kwenye imeili kwa kompyuta yake. "Vitu vikifutwa haviondoki siku hiyo hiyo. Vinakaa hapa kwenye takataka siku thelathini."

Mimi hilo sikulijua. Nikaona sasa Cleopas kaisha.

"Hii hapa," akasema. "Ya tarehe tatu. Lakini haijasomwa."

"Unajuaje?"

"Ona herufi zake nene. Maana yake hakuna aliyeifungua. Sasa mwizi gani anafuta barua bila kujua imeandikwa nini?"



Akaendelea kushuka na kidole. "Na hizi nyingine zaidi ya mia mbili, nazo hazijasomwa. Huku kwenu nani anafuta hivi, zote kwa pamoja?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Miaka kumi na tano nimetumia kitochi, zile simu ndogo za vibonyezo. Kitochi kikijaa, ujumbe mpya hauingii mpaka ufute wa zamani. Kwa hiyo kila jioni, Cleopas akishafika na kabla sijamkabidhi simu, natia alama zote, nafuta. Nilitaka barua ya Aloyo ikija ikute nafasi.

"Bila kuzifungua?"

"Natazama jina la aliyetuma. Kama si hospitali, nafuta."

Dolphine akanionyesha. Jina lilikuwa la mtu, daktari mgeni ambaye sijawahi kumsikia.

"Mzee," akasema taratibu, "imeili haijai kwa matangazo mia mbili. Ungekaa mwaka mzima bila kufuta hata moja."

Kwenye ukuta wake saa ilikuwa nane na nusu mchana.

Nilichukua bodaboda mpaka polisi. Nikafuta kesi yangu mbele ya yule yule aliyeiandika. Cleopas akatoka akiwa ameshika mkanda wake mkononi. Nikaanza kueleza habari za kitochi, akawa anatembea tu. Akapanda bodaboda, mimi nikamfuata na nyingine.

Mama Akoth tulimkuta amekaa kitandani. Amevaa gauni la kanisani, kilemba kimefungwa vizuri, mkoba uko magotini. Jirani akasema yuko hivyo tangu saa kumi na moja alfajiri, na chai amekataa, eti alikatazwa kula kabla ya kupasuliwa.

"Cleopas, ni wewe? Gari imechelewa?"

Tukampeleka hivyo hivyo. Nesi akafungua orodha.

"Tulimwita mara tatu asubuhi. Hakuitika, tukamwita anayefuata."

"Na kesho?" Cleopas akauliza.

"Kesho imejaa. Waje mwaka ujao, yeye na mke wa mzee huyu. Ila macho yenyewe sijui kama yatangoja."

Pale nje Cleopas akaniambia maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake.

"Nilikuomba siku moja tu, mzee."

Ndugu zangu mlioacha shule mapema kama mimi, simu mpya si kitochi kikubwa. Ukipewa kitu usichokijua, uliza mpaka wakuchoke. Barua usiyoweza kuisoma, mpe mtu akusomee kabla hujaifuta. Na kabla hujamwita mwenzako mwizi, kwanza taja kila ulichokifanya wewe kwa mkono wako. Mimi nilitaja vya Cleopas tu.

Hesabu yake ni hii.

Cleopas alilala mahabusu usiku wa Jumatatu na wa Jumanne, na kazi yake Otema alishampa mtu mwingine Jumatano asubuhi. Nilimwendea Otema mara tatu, akakataa mara tatu.

Jicho la kulia la Aloyo nalo lilikufa mwezi uliopita. Kutoka kitandani mpaka mlangoni anahesabu hatua saba. Kutoka mlangoni mpaka choo, kumi na tisa.

Za Mama Akoth sizijui ni ngapi. Cleopas alimrudisha Busia, na simu yangu hapokei.