Mlango Uliokuwa Ukitapika Maji

Mashine ya boti ilizimika minazi ya kisiwa chao, Abaiang, ingali inaonekana. Teuea alifungua plagi, akazipuliza, akavuta kamba hadi viganja vikachubuka. Kisha dhoruba ikawafunika. Mvua ilipokatika, hapakuwa na kisiwa upande wowote.

Rotia alikuwa akienda kisiwa jirani cha Tarawa kumtoa mumewe hospitalini, na Teuea, mdogo wa mumewe, alijitolea kumvusha. Safari ya asubuhi moja. Sasa ilikuwa siku ya ishirini na tatu. Walikuwa wameishi kwa mvua waliyoikinga na turubai na damu ya kasa mmoja. Mguu wa Teuea, ulioraruliwa na papa ambaye yeye mwenyewe alimvua na kumvutia botini, ulikuwa umevimba na kunuka.

"Shemeji, tazama tumbo la lile wingu."

Lilikuwa la kijani, kama wingu linaloakisi maji ya chini yake. Basi huko kulikuwa na maji ya kina kifupi, na kando ya maji hayo, nchi kavu.

"Usinidanganye, Teuea. Juzi uliona mji mzima."

"Juzi nilikuwa na homa. Leo nina homa na macho."

Walipiga kafi kwa mbao za sakafu mpaka alasiri. Minazi ikachomoza, kisha mstari mweupe wa mawimbi yakivunjika mwambani, kisha pengo katika mwamba: mlango wa kuingilia. Lakini maji yalikuwa yanakupwa. Ziwa lote la ndani ya kisiwa lilikuwa likijitapika kupitia pale, na boti ikasukumwa nyuma kama jani. Walijaribu tena, wakasukumwa tena. Ufukoni mtu aliokota kitu bila kuinua kichwa. Rotia alijaribu kupiga kelele. Koo halikutoa sauti.

"Tungoje yajae," alinong'ona.

"Mkondo wa nje hautungoji. Yakijaa tutakuwa tumeshapita, na mbele sijui kisiwa kingine." Teuea alimfunga dumu tupu kifuani. "Tunapita juu ya mwamba."

"Na mguu huo?"

"Wimbi likituinua, ruka mbele. Usigeuke."

"Sikuachi, mjinga wewe."

"Basi piga kafi. Unaongea sana."

Wimbi liliwainua. Rotia aliruka. Nyuma yake boti ilipasuka kwa mlio mmoja. Matumbawe yalimchana magoti na viganja, akatambaa mpaka maji yakamfika kifundoni, ndipo akageuka. Palikuwa na povu tu.

Mama mmoja wa visiwa vya Marshall, nchi nyingine mbali na kwao, alimkuta, akamnywesha dafu kidogo kidogo. Lugha yake Rotia hakuijua, ila alielewa anaulizwa wako wangapi. Akaonyesha vidole viwili. Wanaume walitafuta hadi jua likazama, wakarudi na ubao wa boti tu.

Siku ya tatu wakampata mumewe kwa redio.

"Rotia! Nyinyi wazima? Hebu mpe redio huyo mpumbavu nimtukane!"

Baharini Rotia alikuwa amepanga maneno mengi ya kumwambia. Alibonyeza kitufe, akakiachia, akakibonyeza tena.

"Hayupo," alisema.