Mfuko wa Nyongo wa Marjun

Kila mwaka, msimu wa kuchinja ukifika, nyumba ya Marjun na Regin hunukia mafuta ya kondoo. Regin huchinja. Marjun husafisha matumbo, hukanda mafuta na kujaza soseji za damu. Kijiji kizima kinajua kwamba soseji za Marjun hazina mfano, na mwenyewe anajua kwamba kinajua.

Jumapili moja, kabla kondoo hawajashushwa kutoka mlimani, walikula samaki mkavu aliyemwagiwa mafuta ya kondoo ya moto. Hata vyombo havijaoshwa, Marjun akajishika chini ya mbavu za kulia.

"Yamenirudia," alisema.

Maumivu yalipanda hadi bega la kulia. Kiangazi kile yalikuwa yamemjia mara kadhaa, kila alipokula mafuta mengi, kisha yakapoa. Safari hii hayakupoa. Asubuhi alikuwa anatapika na kutetemeka kwa homa.

"Ni baridi hiyo, imekuingia tumboni," Regin alisema. "Kunywa supu yenye mafuta, utapona."

"Haya, nipe. Kondoo wanashuka karibuni, mimi sina nafasi ya kuugua."

Kijiko kilikuwa kimefika mdomoni Tóra alipoingia, bila kubisha hodi, kama tulivyozoea kijijini kwetu. Tóra ni jirani yao. Pia ni muuguzi anayehudumia wagonjwa majumbani.

"Ebo! Weka chini hicho kijiko, Regin! Unataka kumuua mwenzio?"

Akambonyeza Marjun chini ya mbavu. "Vuta pumzi, dada." Pumzi ikakatikia njiani, na Marjun akapiga yowe.

"Regin," Tóra aliuliza, "ukichinja kondoo, unatoa nini kwa uangalifu kuliko vyote?"

"Nyongo. Ikipasuka, nyama imeharibika."

"Basi na mkeo ana mfuko kama huo, chini ya ini. Unahifadhi nyongo ya kusaidia kusaga mafuta tunayokula. Mara nyingi vijiwe huota humo. Kijiwe kikiziba njia, mfuko unavimba. Ukiachwa unaweza kuoza, hata kupasuka. Hapo haiharibiki nyama, jamani, anapotea mtu. Asile wala asinywe kitu. Tunakwenda hospitali sasa hivi."

"Na kondoo je?" Marjun aliguna.

"Kondoo wana miguu. Watashuka wenyewe."

Regin aliendesha gari kupitia handaki la chini ya bahari linalounganisha visiwa vyetu. Kila mara aligeuka kumwangalia mkewe, akaongeza mwendo. Marjun hakuwahi kumwona akikimbiza gari hivyo.

Hospitalini walimpiga picha ya tumbo, wakamtundikia dripu na kumpa dawa za kuua bakteria. Kisha daktari akautoa ule mfuko kwa kupitia matundu madogo tumboni.

"Nitaishije bila nyongo?" Marjun aliuliza alipozinduka.

"Nyongo utakuwa nayo," daktari alijibu. "Ini linaendelea kuitengeneza, nayo itashuka moja kwa moja kwenye utumbo. Bahati yako hukuchelewa."

Waliporudi nyumbani, Regin alimlaza na kumfunika mablanketi mpaka shingoni. "Usinyanyue hata kidole," aliamuru. Jikoni alikuwa anachemsha nyama yenye mafuta tele.

Tóra alipofika alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Regin, umemtandaza mkeo kama maiti! Anapaswa kutembea kidogo kidogo, damu isije ikaganda miguuni. Na maumivu ya bega aliyonayo sasa ni ya hewa waliyomjaza tumboni wakati wa upasuaji, yatatulia. Akitaka kukohoa, akumbatie mto juu ya tumbo, na avute pumzi ndefu mara kwa mara."

"Na chakula?"

"Viazi, samaki wa kuchemsha, kidogo kidogo. Mafuta yatarudi polepole. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa vidonda, na viwe vikavu. Asibebe kizito mpaka daktari aruhusu. Ukiona homa, usaha, maumivu yanayozidi, kutapika kusikokoma au macho ya manjano, usingoje. Piga simu."

Regin alisikiliza kama mtoto mwema. Na tangu siku ile, Marjun alimwona mume mpya. Mikono ile mikubwa iliyozoea kisu ilibandua plasta bila kumuumiza. Kila siku alimshika mkono, wakatembea mpaka langoni.

"Regin!" jirani mmoja alimtania. "Mwaka huu unachunga kondoo mmoja tu?"

"Mmoja, ndiyo. Lakini mwone alivyo!"

Marjun alicheka, akashika tumbo lake. Moyoni alijiona tajiri.

Msimu ulipofika, alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anajaza soseji. Akanyoosha mikono kulichukua beseni lililojaa matumbo.

"Weka chini," Regin alisema, akalinyanyua yeye. Kisha akarudi kwa kondoo wake, akautoa mfuko wa nyongo mzima. Akauangalia kwa muda mrefu kiganjani, na machozi yakamtoka.

"Wa kondoo ninaujua tangu utotoni," alisema. "Wako sikuujua. Ningekunywesha ile supu, Marjun."

Marjun alimfuta machozi kwa mkono wa sweta, maana viganja vyake vilijaa damu.

"Hukuninywesha," alisema. "Sasa lisogeze hilo beseni. Kijiji kinangoja soseji zangu."