Futari Alizoziacha Sumaya

Sumaya alipanda mzani wa mzee Révérien mlangoni mwa soko kuu la Bujumbura akidhani kwamba katika msongamano ule hakuna atakayemtazama. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya Ramadhani, mwaka wa pili wa vikwazo vya nchi jirani, na watu walikuwa wakigombania sukari. Alivaa kitenge cha kijani na ushungi mweupe, na kwapani alikuwa na kitambaa kipya cha zambarau. Mzee akainama, akasoma kwa sauti ya mnadani:

"Kilo themanini na tisa!"

Wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, wakageuka. "Yoo! Katika vita hii?" mmoja akacheka. "Dada, tuonyeshe kwenye unakulaka!"

Sumaya akashuka, masikio yakimwaka moto. Hapo kijana mrefu aliyebeba kichwa cha cherehani begani akapanda mzani na mzigo wake wote.

"Tisini na mbili!" mzee akatangaza.

"Munaona?" kijana akawaambia wauza ndagala. "Mi nakulaka chuma."

Kicheko kikahamia kwake. Akamsindikiza Sumaya hadi barabarani.

"Naitwa Twalibu. Nashona Buyenzi. Hiyo kitambaa ni ya Idi?"

"Ya Idi. Lakini sijapata fundi asiyenicheka."

"Umeisha kumupata."

Kesho yake alimpima. Aliandika namba kwenye daftari kimya kimya, bila kuzisoma kwa sauti. Sumaya alimpenda kuanzia hapo.

Sumaya alikuwa akipiga taipu katika ofisi ya mwanasheria mmoja mjini. Ramadhani ilipoanza, kila adhuhuri simu ililia, na mwenzake Elvire akamsukumia mkono wa simu huku akitabasamu: "Fundi wako."

"Sauti yako leo ni ndogo, cheri," Twalibu alisema siku moja.

"Ni saumu."

"Jioni mutafuturu na nini?"

"Ndizi na maharage."

"Basi unikulie na mi kidogo."

"Ukuje ujilie mwenyewe!"

Walicheka, lakini Sumaya alikuwa hafuturu. Jioni alichukua tende moja na kikombe cha chai, akamwambia shangazi yake Khadidja kwamba tumbo linamuuma. Tangu vita ilipowakimbiza kutoka mtaa wa Kinama, walilala watu wanane katika vyumba viwili vya shangazi, na kila tonge aliloinua alihisi macho juu yake. Idi ndiyo aliyoiogopa zaidi. Wageni hutazama sahani kwanza, halafu nyonga, halafu huja neno.

Siku tano kabla ya Idi alikwenda kujaribu gauni. Lilikuwa la rangi ya zambarau, na kiunoni lilimpwaya. Moyo wake ukaruka kwa furaha.

"Punguza hapa," alisema, akijigeuza mbele ya kioo. "Na hapa."

Twalibu alishika kitambaa kilichozidi, uso ukambadilika. "Apana. Sipunguze. Kwanza ukule."

"Na we pia?" Sumaya alinong'ona. "Nilifikiri we si kama wale wa sokoni."

Akavua gauni nyuma ya pazia, akaliacha juu ya cherehani, akaondoka. Simu ilipolia adhuhuri, alimwambia Elvire: "Sema nimeenda mahakamani." Akasema hivyo siku zote zilizobaki.

Siku ya Idi, baada ya swala, Twalibu alibisha hodi kwa shangazi Khadidja. Alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka.

"Shikamoo, shangazi. Idi mubaraka. Naomba niongee na Sumaya."

Shangazi akamwita Sumaya. Kisha akawaketisha uani, mahali ambapo kila mtu angewaona, akawawekea sahani mbili za pilau.

"Nilikuambia vibaya," Twalibu alianza. "Dada yangu Zulfa alipougua, nilipunguza nguo yake mara tatu. Ya ine, tulimuzika sijaimaliza. Siku ile nilishika kile kitambaa, nikaogopa. Sikusema naogopa. Nikakuamuru ukule, kama mutu anaamuru mutoto."

Sumaya aliinamisha kichwa. "Mi si mugonjwa, Twalibu. Lakini watu wanakonda, na mi niko hivi. Mwili wangu unaonekana kama umeiba."

"Haujaiba kitu. Vita haikuletwa na we."

Sumaya akaisogeza sahani yake kando. Harufu ya iliki ilikuwa imejaa ua mzima.

"Ukiniangalia siwezi kula," akasema.

Twalibu aligeuza kigoda chake kikaelekea ukutani, akaweka sahani magotini, akaanza kula huku akisimulia jinsi mbuzi wa mjomba wake wa Kanyosha alivyokata kamba asubuhi hiyo na kukimbizwa mtaa mzima na wanaume wenye kanzu. Nyuma yake Sumaya alicheka. Akachukua tonge, akalitafuna polepole. Akachukua la pili. La tatu liligoma njiani, akalishusha kwa maji.

"Leo imetosha."

"Imetosha," Twalibu alisema, wala hakugeuka mpaka alipoitwa.

Haikuisha siku hiyo. Zipo jioni ambazo Sumaya alirudia chai tupu, ila sasa alimpigia Twalibu simu kesho yake na kumwambia. Mwezi wa sita wajomba wa Twalibu walileta posa. Shangazi Khadidja akamuuliza mbele yao kama amekubali.

"Nimekubali," Sumaya akasema. "Na siku ya harusi mi nitakaa na wageni, nikule pamoja nao."