Maiki ya Nafasi Tupu

Jioni ile nilibeba begi la nyaya, mjomba akabeba kamera, tukaenda kurekodi onyesho la bendi ya Chifu. Sikutaka kwenda. Dada yangu aliimba kwenye bendi ile mpaka alipofariki, na huyo Chifu, kiongozi wao, nilikuwa sitaki kukiona hata kivuli chake.

"Kazi ni kazi," mjomba alisema njiani. "Kaa kwenye mashine zako, usimtazame."

"Nitamsikia."

"Basi msikie kwa sikio moja."

Kazi ya sauti nilijifunza kwa mjomba baada ya kuacha shule. Dada ndiye aliyekuwa akinisomesha. Alipozikwa, sare yangu ikakunjwa. Mjomba hupiga picha, mimi hunasa sauti, kwa sababu kamera ikikaa nyuma ya ukumbi husikia viti, vikohozi na watu wanaoagiza soda kuliko inavyosikia wimbo. Kwa hiyo kila mmoja jukwaani namwekea maiki yake karibu, na nyaya zote zinakuja mezani kwangu. Kila maiki ina kitufe chake cha kusogeza juu na chini. Ukikipandisha, sauti inakwenda kwenye spika za ukumbi na kwenye kinasa. Ukikishusha, inanyamaza.

Ukumbi ulikuwa mdogo, unanuka rangi mbichi na jasho la jana. Niliweka maiki ya gitaa, ya dramu, ya mwimbaji. Nilipomaliza, mjomba akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Na ile ni ya nani?"

Nikatazama. Nilikuwa nimesimamisha maiki upande wa kushoto wa jukwaa, mahali pasipo na mtu. Pale ndipo dada alipokuwa akisimama. Siku za mazoezi yao mimi ndiye niliyekuwa nikimsimamishia maiki, na mikono yangu ilikuwa imezoea.

"Nimekosea. Naitoa."

"Iache," mjomba alisema, akageuza uso. "Haimzuii mtu."

Mke wa Chifu alipanda jukwaani, akaiona, akaikwepa kama mtu anayekwepa dimbwi. Sasa yeye ndiye mwimbaji. Zamani alikuwa akikata tiketi mlangoni, na dada alikuwa akimtania kwamba anaimba kama mlango wa stoo. Wote walicheka. Nafikiri yeye hakucheka.

Kisha dada akaanza kupoteza sauti, kidogo kidogo. Mke wa Chifu akawa anamletea asali ya kulainisha koo, akimnywesha kwa mkono wake mwenyewe. Mwishowe dada alikuwa anafungua mdomo tu, hakitoki kitu. Alikufa hivyo, macho kwangu, akitaka kuniambia neno.

Kaburi halijakauka, mke wa Chifu akapanda jukwaani akaimba. Kwa sauti ya dada. Sisemi iliyofanana. Ile ile, mpaka mkwaruzo mdogo wa mwisho wa neno. Watu wakasema ni kipaji kilichokuwa kimejificha. Mama aliisikia redioni, akaizima, akakaa sakafuni.

Kabla ya onyesho hupiga kofi moja mbele ya kamera, ili baadaye tukiunganisha, sauti na picha zishikane pamoja. Nikavaa hedifoni. Nikapiga.

Pa!

Kofi langu likasikika vizuri.

Kisha... la pili.

Jepesi. Karibu sana. Nikatazama upande wa kushoto wa jukwaa. Hapakuwa na mtu.

Bendi ikaanza. Watu wakapiga vigelegele kwa ile sauti tamu. Mimi nikafanya ninavyofanya siku zote, kusikiliza maiki moja moja kama kuna inayokoroma. Gitaa, safi. Dramu, safi. Nikahamia kwa mke wa Chifu.

Krrr... krrr...

Kama mtu anayekwangua sufuria. Nikainua macho. Alikuwa ametanua mdomo, mishipa ya shingo imemtoka, ukumbi mzima unaitikia. Lakini kwenye maiki yake hapakuwa na wimbo. Hewa tu, na kukwaruza.

Nikahamia kwenye maiki ya nafasi tupu.

Dada yangu alikuwa anaimba.

Harufu ya asali ikanijia puani, nzito. Kati ya ubeti na ubeti alivuta pumzi, kisha nikasikia mnong'ono.

"Mdogo wangu... shusha."

"Nishushe nini?" Nilinong'ona peke yangu kama mwehu.

"Yangu. Wamsikie yeye."

Nilijua nikishusha, nami nitamkosa. Nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kuisikia sauti ile ikiniita. Nikamtazama mke wa Chifu, kidani shingoni, amefumba macho kwa raha.

Nikashusha.

Krrr... Spika zote zikakwangua. Watu wakaziba masikio. Mmoja akapiga kelele, "Mama, kanywe maji!" na ukumbi ukaangua kicheko, halafu miluzi. Mke wa Chifu alishika koo kwa mikono miwili.

Chifu aliruka kutoka jukwaani mpaka mezani kwangu.

"Pandisha, mtoto we! Irudishe sauti yake!"

"Sauti ya nani, Chifu?"

"Ya dada ya..."

Akageuka. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yake, kamera imeshuka mpaka kifuani.

"Malizia," mjomba alisema. "Ya nani?"

Chifu akarudi kwa mkewe, akamtoa kwa mlango wa nyuma. Na mkewe hajaimba tena.

Kesho yake, nikiunganisha video kwenye kompyuta, nilisikiliza maiki ya dada peke yake, ingawa niliishusha na haikupaswa kunasa kitu baada ya hapo. Baada ya miluzi nikasikia nyayo. Zilishuka jukwaani, zikatoka nje, zikakanyaga kokoto. Hapo zikaisha. Nikadhani kitufe hakikushuka chote, na ni nyayo za watu waliokuwa wakitoka. Lakini siku iliyofuata zilikuwa zimefika mbali zaidi. Mbwa alinguruma, kisha akalia kwa woga. Kila nikisikiliza, wimbo ni ule ule, lakini safari imeongezeka.

Jana mchana Chifu alikuja kwetu. Amekonda.

"Mdogo wangu, nimekuja kwa heshima. Kuna mtu anatembea nje kwetu. Hatumwoni. Zima mashine yako, tafadhali."

Mama alitoka jikoni. "Alipokuwa anaumwa, ulikuja hivi?"

Chifu akainama.

"Imezimwa, Chifu," nilisema. Nikamwonyesha kinasa. Betri niliitoa tangu siku ya onyesho. Alikitazama, akaondoka bila kuaga.

Leo jua lilipozama nimesikiliza tena kwenye kompyuta. Geti limelia. Nyayo zimepanda barazani, taratibu, kama mtu aliyechoka na safari. Mlango umegongwa mara moja. Ndani, sauti ya kukwaruza ikauliza, "Nani?"

Imeishia hapo.

Mjomba anasema niwapelekee habari waihame nyumba ile sasa hivi, kwamba kumwagika kwa damu si kitu cha kusikiliza kwa raha. Ameniuliza pia dada akimaliza pale ataelekea wapi, maana toka kwao mpaka kwetu ni njia moja. Mama amevuta kiti, amekaa karibu nami, ameomba sikio moja la hedifoni.

Nimerudisha mwanzo.

Tunataka kusikia wakimfungulia.