Mzunguko wa Pili wa Gitaa

Asubuhi kabati la maktaba ya redio lilikutwa wazi, kufuli zima, ufunguo umerudishwa msumarini pake. Kanda ya Bi Zumari haimo. Saa kumi jioni ndiyo ilikuwa isikike hewani.

Mpelelezi alimkuta Bi Zumari mwenyewe kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, midomo ikimcheza kwa hasira.

“Wimbo wangu ulishika namba moja enzi zetu, vijana wakaurudia mara nne, na wiki hii umeshika namba moja tena,” alisema. “Miaka yote hiyo unaitwa wa kiongozi wa bendi. Kwenye kanda ile nasikika nikiwafundisha wapiga gitaa. Bila kanda, mwanangu, mimi ni bibi mwongo tu.”

“Nani mwingine aliwahi kuisikiliza?”

“Hakuna. Tangu turekodi imekaa kwangu. Nimeileta jana jioni, ikafungiwa.”

Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza mpelelezi. Aliyeujua msumari ule si mgeni.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Chiriku, binti aliyeurudia wimbo safari hii. Jana alionekana akitoka na begi limevimba. Alilimwaga mezani: viatu vya jukwaani, wigi, kopo la poda.

“Utunzi unanihusu nini mimi, afande? Nimeiga sahani ya santuri, pumzi kwa pumzi. Hata wenzangu watatu waliotangulia waliiga hiyohiyo.”

Mtangazaji wa chati ya wiki alijibu kwa adabu. Marehemu kiongozi wa bendi alikuwa baba yake. “Jana niliondoka mapema. Kanda yenyewe sijaisikia hata siku moja.”

Akarudi kupanga sahani zake, akipiga mluzi taratibu. Bi Zumari aliinua kichwa ghafla, akamtazama.

Mpelelezi aliliona hilo, na likamkera. Alimwomba fundi mitambo apige sahani ya zamani, kisha marudio yote manne. Alisikiliza hadi shingo ikamuuma. Ule mluzi haukuwamo popote.

“Bi Zumari, yule mtangazaji alikuwa anapiga mluzi gani pale?”

“Mzunguko wa pili wa gitaa.” Bibi aliongea kwa sauti ya chini. “Ulimjia mpiga gitaa papo hapo, hatukuweza kuurudia tena. Wenye kampuni waliukata ili wimbo utoshe kwenye sahani. Umebaki kwenye kanda tu.”

Mtangazaji aliitwa tena. Safari hii mlango ulifungwa.

“Ule mluzi umeutoa wapi?”

“Baba… baba alikuwa akiuimba nyumbani.”

“Baba yako alijaribu kuukumbuka mpaka akalia,” alisema Bi Zumari. “Hakuupata.”

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa imeishia ukutani.

“Kila wiki nimewaambia watu ni utunzi wa baba,” alisema. “Leo nikubali alikuwa mwizi? Hana kaburi la maana, hana picha nzuri. Ana wimbo huo tu!”

“Kwa nini basi hukuichoma?” aliuliza mpelelezi. “Umeisikiliza mpaka imekukaa mdomoni.”

Kijana alivua koti, akaitoa kanda kwenye bitana. “Kiberiti nilishakiwasha. Halafu baba akacheka mle ndani. Sina kicheko chake kingine.”

Fundi aliiweka kwenye mashine. Sauti ya msichana ilifoka, “Hapana, anza tena!” Mwanamume akacheka kicheko kirefu, akasema: “Tumtii jamani, wimbo ni wake. Sisi wabebaji tu.”

Kiongozi yule alijua, basi. Alijua na akaacha jina lake liandikwe. Bi Zumari alilia waziwazi, wala hakujifuta.

“Kesi ipo palepale,” mpelelezi alimwambia kijana. “Ila saa kumi inakaribia.”

“Atangaze yeye,” alisema Bi Zumari. “Yeye ndiye aliyewazoesha watu jina lile.”

Kijana aliketi mbele ya maikrofoni, mpelelezi akisimama mlangoni. Alilitaja jina la mtunzi mara mbili, maana mara ya kwanza sauti ilimkatika. Fundi akanyoosha kidole kwenye kitufe ili aruke maneno ya mwanzo, aanzie wimbo wenyewe.

Bi Zumari alimshika mkono.

“Kicheko kiacheni,” alisema. “Tulishakata vya kutosha.”